Je, Wajua? Kwa Nini Ugonjwa wa Kiuno Huuma Mpaka Unyayoni

Mbeba magunia wa soko la mahindi la Kibaigwa, au mkulima wa zabibu wa Hombolo anayeinama shambani siku nzima, akisema kiuno kinamuuma, kila mtu humwelewa na kumshauri apumzike na kuchuliwa. Lakini akisema kwamba mguu unawaka moto hadi kidole gumba, kwamba akikohoa hupigwa kama shoti ya umeme, na kwamba unyayo umekufa ganzi ilhali mguu wenyewe haukuumia popote, wapo watakaomtilia shaka. Maumivu hayo ni ya kweli, na mara nyingi chanzo chake kiko kiunoni.

Kiuno kina pingili tano, na kati ya pingili moja na nyingine kuna diski yenye ganda gumu la nyuzinyuzi na kiini laini ndani. Kandokando ya pingili hizo hutoka mizizi ya neva (mishipa ya fahamu), na ile ya chini huungana kuunda neva ya siatiki, nene kuliko zote mwilini, ambayo hupita kwenye tako na nyuma ya paja kuelekea mguuni. Ganda la diski likichanika, kiini huchomoza na kuugandamiza mzizi ulio jirani, na kemikali zinazotoka humo huuwasha, ndiyo maana hata mgandamizo mdogo waweza kuleta maumivu makali. Kwa wazee, mara nyingi kinachobana ni mifupa na mishikizo (kano zinazounganisha mifupa) iliyonenepa kwa umri. Ubongo, uliozoea kupokea habari za mguu kupitia mzizi huo, huyasikia maumivu mguuni. Mzizi wa tano wa kiuno huhudumia sehemu ya juu ya unyayo hadi kidole gumba, na ule unaoufuata huhudumia kisigino na ukingo wa nje, hivyo pale mgonjwa anapopaonyesha kwa kidole humpa daktari fununu ya mzizi ulioathirika.

Wengi hupata nafuu ndani ya wiki au miezi michache bila upasuaji. Maumivu yakizidi miezi mitatu huitwa sugu, na hapo neva pamoja na uti wa mgongo huweza kuwa vyepesi mno kuamka, hata mguso wa shuka usiku ukauma. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2006, ukihusisha wagonjwa wapatao 8,000 wa maumivu sugu ya kiuno, ulikuta asilimia 37 wana dalili zinazoelekeza kwenye neva, na hao ndio walioumia zaidi na kusumbuliwa zaidi na sonona, wasiwasi na kukosa usingizi. Hilo halinishangazi. Mtu asiyeweza kukaa kwenye basi la kwenda Dodoma mjini, kuchuchumaa chooni, wala kumaliza ibada akiwa ameketi, na ambaye ujira wake huhesabiwa kwa magunia, hupoteza kipato na heshima yake kwa pamoja, na nyumbani anaweza kuitwa mvivu.

Ndiyo maana ni muhimu kumweleza daktari aina ya maumivu, si mahali tu. Diklofenaki na dawa nyingine za kutuliza maumivu za jamii yake hazifui dafu sana mbele ya maumivu ya neva, na zikimezwa kwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Daktari anaweza kuandika amitriptilini, dawa ya sonona ambayo kwa dozi ndogo hutuliza neva, na mgonjwa asidhani kwamba ameonekana ana ugonjwa wa akili. Dawa hizi hazimfai kila mtu: utafiti wa Australia wa mwaka 2017 haukuona pregabalini, dawa nyingine ya maumivu ya neva, ikikishinda kidonge kisicho na dawa ndani kwa wagonjwa wa siatika, yaani maumivu ya neva ya siatiki. Kwa hiyo mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, na kuendelea kutembea kadiri mwili unavyoruhusu badala ya kulala kitandani wiki nzima, ni sehemu ya tiba yenyewe.

Dalili chache hazisubiri miadi ya kliniki. Ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka bila kujijua, kushindwa kuzuia haja kubwa, au miguu yote miwili kulegea huashiria kwamba fungu zima la neva limebanwa, na mgonjwa huyo anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.