Zebaki kwenye minofu: kazi inaanzia mwaloni

Swali ninaloulizwa sana na wachakataji ni "zebaki kwenye minofu tuisafishe vipi?" Haisafishwi. Bakteria utawapunguza kwa klorini, barafu na usafi wa meza, lakini zebaki haisikii barafu, chumvi, ndimu wala moto wa jikoni. Shehena ikipita kiwango, imepita.

Sababu iko kwenye nyama yenyewe. Zebaki ya uchenjuaji wa dhahabu, ya moshi wa makaa ya mawe na ya udongo unaomomonyoka huishia kwenye tope. Humo, pasipo na hewa, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, na hii hung'ang'ania protini ya msuli. Kutoka kwa viumbe wadogo huenda kwa uduvi, kisha kwa dagaa na furu, kisha kwa sangara anayewala hao wote. Kwenye kila ngazi zebaki inaingia mwilini haraka kuliko inavyotoka. Na kwa kuwa imeshika msuli, kutoa ngozi na mafuta ya tumbo hakusaidii. Njia hiyo inafaa kwa DDT (dawa ya wadudu) na PCB (kemikali za viwandani), ambazo hukaa kwenye mafuta. Watu huchanganya mambo haya mawili kila siku.

Kwa soko la Umoja wa Ulaya, viwango vya zebaki sasa viko kwenye Kanuni 2023/915. Sangara yuko kwenye kundi la jumla: miligramu 0.5 kwa kilo ya nyama mbichi. Jodari, papa na nduaro wamepewa 1.0, kwa kuwa ni wawindaji wakubwa wa baharini na kwa asili hubeba zaidi. Mwaka 2022 spishi kadhaa zilishushwa hadi 0.3, wakiwemo pweza na ngisi, na bado nakutana na karatasi za ukaguzi zenye 0.5 kwa pweza. Kama una karatasi ya namna hiyo, ibadilishe leo.

Sasa mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki. Kipimo cha bei rahisi kuliko vyote ni mizani. Sangara wa kilo 2 na wa kilo 25 wamekula maisha tofauti, hivyo wasiingie bechi moja. Tuseme una samaki kumi wanaotoa minofu ya uzito sawa: tisa wana 0.25 na mmoja mkubwa ana 1.2. Wastani wa wote ni 0.345, unalala usingizi. Mkaguzi mpakani akichukua vipande vitatu, na kimoja kikawa cha yule mkubwa, anapata 0.57. Kosa hapo si la maabara. Panga kwa uzito kabla ya kuminofua, andika mwalo na tarehe kwenye kila kreti, na bechi ya wakubwa ndiyo ipimwe kwanza.

Uchukuaji wa sampuli nao una hesabu yake. Shehena ya chini ya kilo 50 inatolewa vipande vitatu, ya kilo 50 hadi 500 vitano, zaidi ya hapo kumi. Kila kipande kisipungue gramu 100, na jumla ifike angalau kilo 1. Kwa samaki mzima mkubwa, kata sehemu ya katikati ya mwili, si ncha ya mkia kwa sababu tu ndiyo isiyouzika. Funga sampuli isipitishe hewa. Kipande kilichokaa friza wazi hupoteza maji, uzito unashuka, zebaki inabaki palepale, na majibu yanapanda bila samaki kuwa na hatia. Hali kadhalika kipande kilichoyeyuka na maji yake yakamwagwa.

Maabara hupima zebaki yote kwanza. Ni rahisi kuliko kutenga methili-zebaki, na kwenye msuli wa samaki mwindaji sehemu kubwa ni hiyo hiyo. Majibu yakija 0.56 na shaka ya kipimo ni 0.08, mkaguzi wa Ulaya hutoa shaka hiyo kabla ya kukataa: inabaki 0.48, shehena inapita. Hiyo ni nafasi ya mkaguzi, si yako. Mwuzaji anayepanga biashara yake juu ya 0.08 anacheza kamari.

Uvuvi wa sumu ni jambo jingine kabisa, ingawa ndio uliofanya Ulaya isimamishe samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1999. Dawa ya shambani iliyomwagwa majini haifuati ukubwa wa samaki, kwa hiyo mizani haina msaada. Iwe dawa ya dukani au utupa wa porini, yaani mmea wa sumu ya samaki, Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya 2003 inakataza. Kwenye kreti tazama nyuma ya mashavu: samaki wa nyavu huwa na mstari wa uzi, wa ndoana ana tundu mdomoni. Samaki wote wakiwa safi bila alama yoyote, uliza walivuliwaje kabla ya kulipa.

Papa mkavu na ng'onda (samaki aliyepasuliwa na kuanikwa) ndiko hesabu inakopotea zaidi. Kilo 100 za nyama yenye maji asilimia 80 zina kilo 20 za kitu kikavu. Ikikaushwa hadi maji asilimia 40, unabaki na takribani kilo 33. Zebaki haikutoka na mvuke, hivyo 0.6 inasomeka 1.8. Kanuni inaruhusu kurudisha majibu kwenye hali ya ubichi, lakini ni lazima uwe na rekodi ya uzito wa kabla na baada ya kuanika. Bila rekodi, mkaguzi ana namba moja tu mkononi.

Na mezani? Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka mikrogramu 1.3 za methili-zebaki kwa kila kilo ya mwili kwa wiki. Mjamzito wa kilo 60 anapata 78. Minofu yenye 0.4 humfikisha hapo kwa gramu 195, yaani sahani moja ya kushiba. Dagaa, ambao wako chini kwenye mnyororo, anaweza kula mara kadhaa kwa wiki.