Je, wajua kwa nini kikundi kidogo cha hisani England hakilazimiki kusajiliwa?

Majirani wachache wakianza kuchangisha fedha za kuwapelekea wazee chakula, huku kwetu mtu wa kwanza kuwasikia atauliza wamejiandikisha wapi. Ana sababu ya kuuliza. Sheria ya Vyama ya Kenya, Sura ya 108, imeandika kwamba chama cha watu kumi au zaidi ambacho hakikusajiliwa wala kusamehewa ni chama haramu, ukiacha yale makundi yanayosimamiwa na sheria nyingine.

England na Wales, kikundi kama hicho kinaweza kuendesha kazi yake miaka nenda miaka rudi bila kubisha hodi kwa msajili, na bado kikahesabiwa kisheria kuwa shirika la hisani. Sheria ya Mashirika ya Hisani ya mwaka 2011, kifungu cha 30, inawasamehe usajili wale ambao mapato yao kwa mwaka hayavuki pauni 5,000. Zamani kiwango kilikuwa pauni 1,000, kikapandishwa kwa sheria ya mwaka 2006.

Sababu iko kwenye historia. Sheria maarufu ya hisani ya England, iliyoorodhesha mambo kama kuwasaidia maskini, kuwatunza wanajeshi waliolemaa na kutengeneza madaraja, ilipitishwa mwaka 1601, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Daftari la kitaifa la mashirika ya hisani lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1960. Kwa zaidi ya miaka 350 mahakama zilikuwa zikiamua ipi ni hisani na ipi siyo kwa kutazama lengo: je, kazi hii ni ya hisani tupu, na je, inaunufaisha umma? Daftari lilipokuja lilikuta hisani ipo tayari, ikawa kazi yake ni kuiandika tu. Ndiyo maana namba ya usajili haikigeuzi kikundi kuwa cha hisani, na kukosa namba hakukiondolei hadhi hiyo.

Mimi naona huu ni msimamo wa haki kabisa. Watu watano wanaosomesha watoto hesabu jioni hawana karani wala mhasibu. Wakilazimishwa kujaza fomu kama shirika lenye mamilioni, wengi wataacha, na atakayeumia ni yule mtoto.

Hata hivyo, kusamehewa usajili si kusamehewa sheria. Wanaoongoza kikundi ni wadhamini, yaani watu wanaobeba dhamana ya mali na kazi yake kisheria, wawe wanalijua jina hilo au la. Lazima fedha ziende kwenye lengo zilikochangiwa, na kumbukumbu za hesabu zitunzwe kwa miaka sita. Mtu yeyote akiandika kuomba nakala ya hesabu za karibuni, wana miezi miwili ya kumpa. Tume ya Mashirika ya Hisani, ambayo ndiyo msajili mwenyewe, inaweza kuwachunguza hata kama haijawahi kuwaandika. Wakitaka kuchangisha barabarani au nyumba kwa nyumba, kwa kawaida wataomba kibali kwa halmashauri ya eneo lao. Na wasijiite shirika lililosajiliwa, maana huo ni uongo.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi huigundua wakati maji yamezidi unga. Kikundi cha kawaida chenye katiba tu hakina nafsi yake mbele ya sheria. Ukumbi ukikodiwa, mkataba unatiwa saini na watu, na deni likizuka linaweza kuwafuata watu hao mpaka mifukoni mwao. Aina ya shirika la hisani yenye nafsi ya kisheria ipo, lakini hiyo haizaliwi mpaka isajiliwe, hata mapato yake yakiwa pauni kumi.

Habari njema ni kwamba kikundi kidogo kinaweza kutambuliwa na mamlaka ya kodi bila kupitia Tume. Kikishatambuliwa, kila pauni moja inayotolewa na mlipakodi kinaweza kuidaia serikali senti 25 za nyongeza.

Kwa Waswahili waishio Leicester au London, jambo moja huleta mkanganyiko: chama cha kuzikana cha ukoo au cha watu waliotoka kijiji kimoja. Nacho hakihitaji kusajiliwa, ila si shirika la hisani, kwa kuwa wanaonufaika ni wanachama wenyewe na jamaa zao, si umma. Hakiwezi kudai zile senti 25.

Uhuru huu una mipaka ya kijiografia pia. Uskoti haina kiwango cha mapato: shirika lisilokuwemo kwenye daftari la huko haliruhusiwi kujiita la hisani, liwe dogo namna gani. Marekani, kwa upande wake, imeweka kiwango kinachofanana na cha England kwa namba: shirika la hisani ambalo mapato yake ya mwaka kwa kawaida hayazidi dola 5,000 hupata msamaha wa kodi ya taifa bila kutuma ombi, ingawa kila mwaka linatakiwa kutuma taarifa fupi kwa mamlaka ya kodi.