Mwenye ploti amefariki: kodi apewe nani?

Mazishi yakishapita, wapangaji huuliza jambo moja: mwisho wa mwezi tutume kodi kwa nani? Hapa ndipo familia nyingi hujikwaa. Mtoto mkubwa hutoa namba yake ya M-Pesa, pesa zinaingia, nyingine zinalipa madeni ya mazishi, nyingine zinagawanywa. Nia ni njema. Lakini kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, na msimamizi halali wa mirathi, yaani anayetambuliwa na mahakama, anaweza kumdai alichochukua.

Ushuru nao hausubiri matanga yaishe. Tangu Januari 2024, kodi wanayolipa wapangaji wa nyumba za kuishi, ikiwa kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, hutozwa ushuru wa asilimia 7.5, awali ilikuwa 10. Chukua ploti ya nyumba kumi, kila moja 6,000. Kwa mwezi ni 60,000, na KRA, mamlaka ya ushuru, inadai 4,500 kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hata kama mwezi huo mmetengeneza paa kwa 20,000, ni 4,500 ile ile, kwa sababu ushuru huu huhesabiwa kwenye kodi yote iliyopokewa, si kwenye faida. Mwenyewe akifariki, wajibu humwangukia msimamizi wa mirathi, naye hulipa kutoka mali ya marehemu kabla ya warithi kugawiwa.

Tena kuna keiteka, mtunzaji wa ploti, ambaye karibu kila familia humsahau. Akilipwa 18,000, hukatwa 270 za ushuru wa nyumba (ile housing levy ya mishahara, si ushuru wa kodi ya wapangaji) na mwajiri huongeza 270 zake. SHIF, yaani mchango wake wa bima ya afya, ni 495, na NSSF, akiba ya uzeeni, ni 1,080 kila upande. Malimbikizo ya mshahara wake ni deni la mirathi kama deni lolote lile.

Barua za usimamizi, hati za mahakama zinazompa mtu mamlaka juu ya mirathi, huchukua muda, na kwa kawaida huthibitishwa baada ya miezi sita. Kwa hiyo nawasihi: ombeni mapema mahakamani kibali cha muda cha kukusanya na kuhifadhi mali. Anayepewa hupokea kodi, hulipa ushuru na mshahara wa keiteka, na kuweka risiti zote. Kugawa hawezi.