Banda Kwanza, Kitanda Baadaye: Gesti za Njiani za Alaska

Ninapofika mahali palipokuwa na gesti ya njiani huko Alaska, sianzi na nyumba. Natafuta banda la wanyama. Wenzangu hupenda kupima chumba cha wageni, kuchungulia dohari, kuokota vipande vya chupa za pombe. Mimi nazunguka nyuma. Mara nyingine msingi wa banda ni mrefu kuliko wa nyumba yenyewe, na hapo ndipo napata habari ninayoitaka: farasi wangapi waliweza kulala hapa, na timu ngapi za mbwa wa kuvuta sleji.

Kazi yangu ni historia ya njia, na ninayoijua vizuri zaidi kule ni ile inayotoka bandari ya Valdez, pwani ya kusini, hadi mji wa Fairbanks katikati ya Alaska. Ni kilomita takriban 600. Sehemu kubwa yake inafuata mapito ya zamani ya Waahtna, wenyeji wa bonde la mto Copper, waliokuwa wakiyatumia muda mrefu kabla ya mzungu yeyote kuja na ramani. Mwaka 1898 maelfu ya watafuta dhahabu waliteremka Valdez wakitaka kufika Klondike, machimbo ya dhahabu ya Kanada, kwa kuvuka barafuto, yaani mto wa barafu, lililo nyuma ya mji. Wengi waliishia kuumwa kiseyeye. Mwaka uliofuata jeshi la Marekani, chini ya Kapteni William Abercrombie, lilianza kufungua njia salama zaidi kupitia korongo la Keystone. Kisha mwaka 1902 Felix Pedro akapata dhahabu karibu na mahali palipokuja kuwa Fairbanks, na wasafiri wakageukia huko.

Kabla sijaendelea, kuna jambo moja ambalo msomaji wa kwetu lazima alipindue kichwani. Sisi tuliozaliwa nchi za masika tunajua kwamba barabara hufa mvua ikinyesha. Kule barabara hufa barafu ikiyeyuka. Kiangazi ardhi inakuwa tope na madimbwi, mbu hawahesabiki, na mito haina madaraja. Majira ya baridi mto unageuka sakafu, kinamasi kinageuka uwanja, na sleji inateleza na mzigo ambao gari lisingeuthubutu. Kwa hiyo msimu wa biashara wa gesti hizi ulikuwa miezi ile ya giza, kuanzia mito inapoganda hadi mnamo Aprili, kwenye baridi inayoweza kushuka chini ya nyuzi 40 hasi.

Umbali kati ya gesti na gesti haukuwa wa kubahatisha. Farasi anayevuta sleji iliyojaa kwenye theluji laini ana kikomo chake kwa siku, na siku yenyewe ni fupi. Ndiyo maana nyumba hizi zilisimama kila baada ya kilomita 15 hadi 30 hivi. Aliyeziweka pale ni mguu wa mnyama. Na kulikuwa na hatari nyingine iliyofanya umbali huo uwe wa kufa na kupona: maji yanayopenya nyufa na kutanda juu ya barafu ya mto, chini ya theluji, usiyaone. Ukitumbukiza mguu humo kwenye baridi ile, una muda mfupi wa kuwasha moto. Mbwa naye barafu huganda katikati ya vidole na kumchana. Gesti iliyo saa mbili mbele ilikuwa ndiyo miguu yako.

Ndani hapakuwa na mengi. Kuta za magogo, nyufa zimezibwa kwa kuvumwani, vitanda vya dabodeka, jiko la kuni katikati, na juu yake kamba za soksi na viatu vinavyokaushwa. Blanketi mara nyingi ulikuja na lako. Chakula kilikuwa maharage, mkate wa chachu, na nyama ya porini, hasa ya yule mnyama wa jamii ya kulungu anayeitwa karibu, jina linaloingia sikioni mwa Mswahili kama mwaliko wa mezani. Mbwa walikula samoni wakavu, ambao wengi walivuliwa na kukaushwa kiangazi na familia za Waathabaska, wenyeji wa Alaska ya ndani, na kuuzwa kwa marobota. Bila samaki hao timu za mbwa zisingesogea, ingawa wavuvi wenyewe hutajwa kwa nadra sana kwenye vitabu.

Hadithi nyingi za gesti hizi humtukuza mtafuta dhahabu. Nadhani anapewa sifa asizostahili. Yeye alipita mara moja akiwa na haraka na, mara nyingi, mifuko mitupu. Aliyeiweka gesti hai ni mbeba barua. Mwenye tenda ya posta alipita kwa ratiba, juma baada ya juma, awe na dhoruba au asiwe nayo, na alihitaji malisho na mahali pa kulaza wanyama kila kituo. Ndiyo maana desturi ilimpa kiti bora mezani, kitanda bora, na nafasi bandani kwa mbwa wake kabla ya mbwa wa mtu mwingine. Wageni wengine walinuna, lakini mwenye nyumba alijua nani anamlipia kuni.

Kwa kuwa gesti ilikuwa mtoto wa njia, njia ikihama nayo ilihama. John na Florence Sullivan walijenga ya kwao mwaka 1905 kwenye mkato wa njia hii. Muda si mrefu njia ikabadilishwa. Wakaibomoa nyumba gogo kwa gogo, wakaisimamisha upya ilikohamia. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, eneo lake likaja kuwa uwanja wa mazoezi wa jeshi, na kwa miongo mingi ikasimama tupu, bila kuguswa, mahali mabomu yanapojaribiwa. Miaka ya 1990 ikabomolewa tena kwa utaratibu uleule na kuhamishiwa mji wa Delta Junction, ambako leo ni makumbusho.

Ninayempenda zaidi katika historia hii ni Rika Wallen, Mswidi aliyeanza kuendesha gesti ya Big Delta, penye kivuko cha mto Tanana, mwaka 1917. Mwenye nyumba alikuwa John Hajdukovich, mfanyabiashara aliyetoka Montenegro. Mwaka 1923 aliiuza kwa Rika kwa dola 10 na "mambo mengine", na inaaminika mambo hayo yalikuwa mishahara ambayo Rika alikuwa akimdai. Rika alifuga mbuzi, kondoo, ng'ombe na nyuki, akalima bustani, akatengeneza jibini, akasimamia na ofisi ya posta. Wengine walitegemea mizigo kutoka Valdez, yeye alikula cha shambani kwake, na nadhani ndiyo sababu alidumu wakati jirani zake wanafunga. Vita Kuu ya Pili ilileta daraja juu ya Tanana, na kivuko kikakosa kazi.

Maana kufunga kulikuja kwa kasi. Mwaka 1913 Bobby Sheldon aliendesha gari la Ford kutoka Fairbanks hadi Valdez, watu wakacheka. Mwaka 1923 reli ya kutoka pwani ya kusini hadi Fairbanks ikakamilika, Rais Warren Harding wa Marekani akaja mwenyewe kugongelea msumari wa dhahabu katika mji wa Nenana. Februari 1924 Carl Ben Eielson akabeba barua kwa ndege kutoka Fairbanks hadi McGrath kwa takriban saa tatu, safari ambayo mbwa waliifanya kwa majuma. Mwenye gesti aliyesikia ngurumo ile juu ya paa alikuwa anamsikia mteja wake mkuu akipita bila kushuka.

Kabla ya mwisho, mfumo wa zamani ulifanya kazi moja kubwa zaidi. Januari 1925 dondakoo lilizuka Nome, pwani ya magharibi. Ndege zilizokuwepo zilikuwa zimefunguliwa vipande kwa ajili ya baridi. Dawa ikaletwa kwa treni hadi Nenana, na kutoka hapo waendesha sleji 20 wakapokezana kwa kilomita zipatazo 1,085, wengi wao Waathabaska na wazoefu wa njia ya posta. Walipokezana kwenye gesti, kwa sababu huko ndiko moto ulikowaka na mbwa wapya walikosubiri. Dawa ilifika kwa siku tano na nusu.

Gesti ya mwisho ilikuwa Point Safety, kilomita kama 35 kabla ya Nome. Ed Rohn alikuwa amelala humo akingoja zamu yake. Gunnar Kaasen alifika mapema kuliko alivyotarajiwa, usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari, akakuta taa zimezimwa. Kumwamsha mwenzake na kufunga mbwa wapya kungechukua muda, na mbwa wake walikuwa wanakwenda vizuri. Akapita.