Roboti Kukwama Si Kukosa Akili

Juzi tena, kwenye maonyesho hapa Nairobi, nimeambiwa roboti yetu ya miguu sita haifanani na mende, na kwamba ikikwama dawa ni kuiongezea akili mnemba. Nimeyasikia haya mara nyingi mno, basi leo nayajibu.

Sura si hoja. Tunachomwibia mende ni namna mwili wake unavyofanya kazi. Mwaka 2002, watafiti Devin Jindrich na Robert Full wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walimfunga mende kimzinga mgongoni, wakakilipua akiwa mbioni ili asukumwe kando. Alianza kujirudisha upesi sana, karibu kabla neva hazijapata nafasi ya kupeleka habari na kurudisha amri. Miguu yenyewe, kwa kunesa kwake, ilikwisha kuanza kazi. Matatu likipanda tuta, dereva hapigi hesabu, springi zinameza. RHex, roboti iliyofuata wazo hilo, ina mota moja tu kwa kila mguu, na mguu wenyewe ni upinde unaonesa. Haina sura ya mende hata kidogo, na mawe inayapita.

Kwa hiyo roboti ikinikwamia kwenye ule udongo mweusi wa Embakasi, sikimbilii kamera. Naushika mguu, naukunja kwa kidole gumba, natazama unavyorudi. Ukiwa mgumu mno, kila kijiwe kinakuwa pigo linalofika hadi kwenye giaboksi; sensa zinasoma kelele, yaani mitikisiko isiyo na maana, na programu nayo inaijibu kelele hiyo kwa bidii zote. Ukiwa laini mno, nguvu ya mota inaishia kukunja mpira wa mguu huku mwili umelala pale pale. Kuna ugumu unaofaa hapo katikati, lakini ni wa uzito ule na mwendo ule tu. Weka betri kubwa zaidi, nao umeshahama!

Programu ina kazi yake. Mwaka 2015, mtafiti Antoine Cully na wenzake walionyesha roboti ya miguu sita ikipata mwendo mpya chini ya dakika mbili baada ya mguu kuharibika. Wanaonitajia mfano huo huacha nusu yake: kabla ya hapo kompyuta ilikuwa imeiandalia hazina ya maelfu ya miendo. Programu ilichagua miongoni mwa yale ambayo mwili ule uliyaweza.

Kinachonitia shaka ni kingine, na vitabu hukipita mbio. Mpira huchoka, na joto huubadili. Mguu wa asubuhi ya Julai si mguu wa mchana wa Februari. Mnyama hukaza na kulegeza misuli huku anatembea. Sisi tukiongeza mota ya kubadili ugumu, tumeongeza uzito ule ule tuliokuwa tunaukimbia. Sijaona suluhisho la kuniridhisha. Wanafunzi wangu nawaambia wakate miguu ya unene tofauti, waijaribu kwenye changarawe na kwenye tope, ndipo wafungue kompyuta.