Uyoga si mmea

Mvua ikikolea huku Kakamega, na hata kwenye masoko ya Kisumu, utakuta mafungu ya uyoga yamepangwa kando ya sukuma wiki. Ni mboga, basi tunauhesabu kuwa mmea. Jikoni sina ubishi. Kibiolojia, hapana. Wala kosa hili si la wasiosoma: Carl Linnaeus, baba wa uainishaji, aliuweka uyoga pamoja na mimea mwaka 1753.

Hebu uchane mmoja kwa vidole. Hauna jani, hauna mzizi, hauna ule ukijani ambao mmea hutumia kujipikia chakula kwa mwanga wa jua. Hula kilichotengenezwa na viumbe wengine, kama sisi. Kuta za seli zake zina kaitini, dutu ileile inayokaza gamba la kumbikumbi. Mwaka 1969 mwanabiolojia Robert Whittaker alipendekeza himaya tano, yaani makundi makuu matano ya viumbe; kuvu, kundi ambalo uyoga umo, wakapata yao, na baadaye uchunguzi wa DNA ukaonyesha kwamba undugu wao na wanyama ni wa karibu kuliko na mimea. Ndiyo maana botania, elimu ya mimea, peke yake haitoshi kuueleza uyoga. Kuna mikolojia, tawi linalochunguza kuvu.

Kinachonivutia zaidi ni ule uyoga mkubwa wa kwenye kichuguu. Tunachochuma ni sehemu ya uzazi tu. Mwili wenyewe uko chini, nyuzi nyembamba nyeupe ambazo mchwa huzilima gizani, wakizilisha majani makavu na miti waliyoitafuna.