Rangi haijachubuka, so what? Geji inasoma ngapi?

Wiki hii nimepigiwa simu tena, swali nimeshalijua kabla mtu hajamaliza salamu. Transfoma imeshuka melini, tani 60, picha zimetumwa, rangi safi, hakuna palipobonyea, kwa hiyo "mkuu, mzigo umefika salama, tusaini?" Nikauliza geji ya gesi inasoma ngapi. Kimya. Nikauliza rekoda ya mshtuko, kile kifaa kinachoandika mapigo ya safarini. "Kale kaboksi? Bado kako huko huko juu." Jamani! Tangi ni chuma nene, hilo litavumilia mengi. Tunachokilinda safari nzima ni karatasi iliyozungushiwa shaba humo ndani, na hiyo haionekani kwenye picha.

Tuanze na gesi, maana hapa ndipo watu wananichosha zaidi. Transfoma kubwa inasafiri bila mafuta ili uzito upungue, bushingi (vichwa vya kupitishia umeme), redieta (za kupoozea) na konsaveta (tangi dogo la mafuta) zinafunguliwa zinapakiwa kivyake, halafu tangi linajazwa hewa kavu au naitrojeni kwa presha ndogo tu, tuseme ba 0.2 juu ya presha ya nje. Kazi ya hiyo presha ni kwamba pakiwa na tundu, gesi itoke kabla hewa ya bahari haijaingia. Karatasi imetoka kiwandani ikiwa na unyevu chini ya asilimia 0.5, na ikiwa kavu namna hiyo inanyonya unyevu wowote itakaoukuta.

Sasa mmoja anaona geji imetoka 0.2 imefika 0.1 anapiga kelele inavuja, mwingine anaikuta sifuri anasema ah, baridi tu hiyo. Hakuna aliyepiga hesabu. Tangi likifungwa kwenye nyuzi 30 halafu likasomwa kwenye nyuzi 5, geji itashuka hadi karibu 0.1 bila kuvuja hata kidogo, gesi imesinyaa tu. Lakini ili baridi peke yake iifikishe sifuri unahitaji kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa hiyo ukiandika presha bila kuandika joto hujaandika kitu. Na kuna kitu nakiogopa kuliko geji iliyoshuka, nayo ni geji inayosoma namba ile ile alfajiri na saa nane mchana, kila siku, mwezi mzima. Hiyo geji imekufa, au kuna mtu amejaza fomu akiwa amekaa mezani.

Ukikuta sifuri, usikimbilie kujaza gesi ili namba ipendeze halafu unyamaze. Andika, piga picha, mpigie mtengenezaji, kisha ndio jaza gesi kavu, iache itulie angalau siku nzima, pima kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa gesi unaanza kugeuka maji, likiwa chini gesi ni kavu) pamoja na joto la ndani. Hapa nisiwafiche: vitabu vinatoa jedwali utadhani linakupa jibu kamili, ila wewe unapima gesi, karatasi hujaigusa, unakisia hali yake kupitia hewa iliyokaa nayo. Karatasi ikiwa ya baridi inashikilia unyevu wake na gesi inaonekana kavu kuliko ukweli. Nimewahi kupata majibu mazuri asubuhi na mabaya mchana, tangi lile lile.

Rekoda nayo. Watu wanataka namba moja, "imepigwa g ngapi?", na g 1 ni nguvu sawa na uzito wa mzigo wenyewe. Namba ya juu peke yake haitoshi. Cheni ikigonga tangi karibu na rekoda inaweza kuandika g kubwa kwa milisekunde chache na koili zisihisi chochote, wakati mtikisiko mdogo uliodumu muda mrefu zaidi ndio unasogeza kiini. Kwa hiyo soma muda uliodumu, mwelekeo, na saa yenyewe, halafu linganisha na saa ya kreni, maana mapigo mabaya mengi hayatokei baharini, yanatokea mzigo ukiteremshwa kwenye trela. Na rekoda ifungwe kwenye mwili wa tangi, ukiifunga kwenye kifuniko chembamba itarekodi kifuniko kinavyotetemeka. Ikionyesha pigo la kutia shaka, pima FRA, kipimo cha umeme cha masafa mbalimbali kinachochora grafu ya kuonyesha kama koili zimesogea, ila grafu ya transfoma tupu haifanani na ya ile yenye mafuta na bushingi, kwa hiyo kama kiwandani hawakupima ikiwa katika hali ya kusafiri, huna cha kulinganisha nacho. Hata ukiwa nacho, grafu zikitofautiana kidogo wataalamu wawili wanaweza kukuambia mambo mawili, na wote wana hoja.

Bahari yenyewe haipigi, inayumbisha. Mwongozo wa CTU, ule wa kimataifa wa kupakia na kufunga mizigo, unataka mzigo ufungwe kwa nguvu ya ubavuni hadi 0.8 g kwenye bahari mbaya, yaani tani 60 zinasukuma kama tani 48. Meli ikiyumba kila sekunde 15, mwezi mmoja ni kama mara 172,800, hapo cheni gani haitalegea? Chuma juu ya chuma kinateleza, weka mbao au mpira chini, na funga kwenye masikio ya kufungia, sio popote cheni inapofika.

Wenye mota na jenereta, nyie ni beringi. Rota ikisimama wiki tano inatetemeshwa, vile vigololi vinachimba vishimo pale pale vilipokaa. Funga shafti isicheze, kiwanda kitakuambia namna.

Sasa ile saini. Kwa kanuni za Hague-Visby, zile za kimataifa za mizigo ya meli, madhara yasiyoonekana kwa nje unatakiwa uyatoe taarifa kwa maandishi ndani ya siku 3 baada ya kupokea, na kesi ndani ya mwaka 1. Ukichelewa zile siku 3 haki haijafa, lakini inahesabika umepokea mzigo mzima, na wewe ndiye wa kuthibitisha vinginevyo. Siku 3! Rangi umeiangalia dakika tano, rekoda umekuja kuifungua miezi miwili baadaye wakati wa kufunga mitambo.

Yule wa simu nilimwambia aandike kwenye hati ya kupokelea mzigo "gesi na rekoda havijakaguliwa" kabla ya kusaini, na asimruhusu dereva kuondoka na trela. Jioni akanitumia picha ya geji. Inasoma 0.12. Nikamuuliza joto lilikuwa ngapi, bado nasubiri.